Moyo umepimwa mara mbili na ni mzima, mbona nimekaribia kufa mara tatu?

#1 Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba nieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu kila ninapolieleza kwa mkato ninajibiwa kwamba nipumzike.

Mimi ni mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 38. Nilihamia Dodoma kikazi, mke wangu na watoto wakabaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule. Mwezi wa tatu, yapata saa kumi na moja jioni, nilikuwa kwenye daladala nikitoka Mtumba kurudi mjini, nimekaa dirishani, abiria aliyesimama ameniegemea begani. Hakuna aliyenikera wala sikuwa nawaza jambo zito. Nakumbuka nilikuwa nahesabu chenji. Ghafla moyo ulianza kupiga kwa nguvu hadi nikawa naona mfuko wa shati unatikisika. Kifua kikabana, midomo ikaingia ganzi, vidole vya mikono yote miwili vikajikunja kwa ndani huku vidole gumba vikilalia viganja, nikashindwa kuvinyoosha na sarafu zikaanguka. Nilikuwa na uhakika kabisa, sisemi wasiwasi, kwamba sitafika Ihumwa nikiwa hai. Nilimsihi konda anishushe, akanishusha papo hapo, na mama mmoja muuza karanga akanipa maji. Baada ya kama nusu saa nilikuwa mzima, ila miguu ilikuwa imelegea kama ya mtu aliyebeba zege kutwa nzima.

Hali hiyo imerudi mara mbili: kwenye foleni ya benki, na saa nane usiku nikiwa usingizini. Nimepimwa umeme wa moyo mara mbili, presha, sukari, wingi wa damu na malaria, na majibu yote ni mazuri. Daktari wa mwisho aliniambia bila kuinua macho kwamba ni mawazo tu, akaniandikia vitamini. Tangu hapo sipandi daladala. Naenda kazini kwa bodaboda na mshahara unaisha tarehe 15. Je, haya ndiyo yanayoitwa mashambulio ya hofu? Na mtu anawezaje kuyatofautisha na moyo wenyewe?

#2 Kijogoo cha Makole

Pole sana mkuu. Mtu wa pwani akishushwa njiani jioni, kwenye upepo ule wa vumbi, lazima aone kifo. Natania tu. Naweka kambi hapa kwa sababu shemeji yangu ana hali inayofanana na hiyo, na yeye humjia kila Jumatatu asubuhi.

#3 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, pole. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, sehemu kubwa nikipokea wagonjwa wa dharura, na vidole unavyovieleza nimeviona mara nyingi sana. Huko si kupooza. Mtu anapopumua haraka na juujuu, hutoa hewa ya ukaa kwa wingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Tumezoea kuiona hewa hiyo kama taka, lakini ndiyo inayoshikilia mizani ya asidi katika damu. Ikipungua, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hujibana, na hapo ndipo kizunguzungu huanza pamoja na ile hali ya kuona watu kama wako mbali; vilevile kalsiamu iliyo huru katika damu hushuka, neva zinakuwa nyepesi kushtuka, midomo inaingia ganzi na vidole vinajikunja. La kushangaza ni kwamba mgonjwa huwa analia kuwa amekosa hewa, ilhali ukimpima kwa kile kibanio cha kidoleni unakuta oksijeni yake ni 98 au 99.

Kuhusu swali lako la kwanza, maelezo yako yanafanana sana na shambulio la hofu. Huanza ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe. Madaktari wa akili huorodhesha dalili 13, kuanzia moyo kwenda mbio, jasho na kutetemeka hadi woga wa kufa au wa kurukwa na akili, na zikijitokeza nne au zaidi kwa pamoja ndipo hulipa jina hilo. Hata hivyo shambulio moja au mawili si ugonjwa. Huitwa ugonjwa pale yanapojirudia bila sababu inayoonekana, na mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akilihofia linalofuata au akibadilisha maisha ili kulikwepa. Hiyo bodaboda yako ndiyo inayonitia shaka kuliko moyo wako.

#4 Mpenda Lugha

Naomba tuwe waangalifu na jina. Mtaani tunasema "kupaniki", lakini neno hilo limeshageuka kuwa kukasirika au kuhamaki. Mleta mada akimwambia mwenzake kwamba alipaniki benki, atakayesikia ataelewa kuwa aligombana na mhudumu dirishani. Nafikiri sababu mojawapo ya watu kuambiwa "ni mawazo tu" ni kwamba wanaingia kwa daktari bila jina la kinachowasumbua. Waswahili wa zamani walikuwa na "kiherehere", maana yake ni moyo kupapa na mtu kukosa utulivu kwa hofu, na kamusi bado zinalihifadhi hivyo.

#5 Kijogoo cha Makole

Mkuu #4, mimi nikienda hospitali nikasema nina kiherehere, watanifukuza nikafanye kiherehere changu nje.

#6 Mama wa Chang'ombe

Nawasalimu wote. Nimemsoma dada muuguzi kwa heshima zote, lakini naomba nami nisikilizwe. Mwaka juzi binti yangu wa kidato cha tatu alipatwa na mambo hayo hayo, mikono ikajikunja, macho yakatoka, anasema anakabwa shingoni na mtu asiyeonekana. Tulimpima tukaambiwa hana kitu. Tulimpeleka kusomewa siku tatu, akatulia, na hadi leo anasoma vizuri. Sasa kama hospitali hawakuona kitu na kisomo kikamtuliza, mimi niseme nini? Mleta mada amesema moja lilimjia saa nane usiku akiwa usingizini. Usingizini alikuwa anahofia nini?

#7 Mwanafunzi wa Chimwaga

Mama #6, shikamoo. Swali lako la usingizini ni zuri na limewasumbua hata wataalamu. Ninasoma saikolojia hapa chuoni, kwa hiyo nitaeleza nilichofundishwa.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza kwamba shambulio hujengwa na tafsiri. Moyo unaruka kidogo kwa sababu yoyote ile, labda joto, njaa au kahawa. Mtu anatafsiri kwamba moyo unasimama. Tafsiri inaleta hofu. Hofu inamwaga adrenalini kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Adrenalini inauongezea moyo kasi. Naye anaona hapo ushahidi kwamba hakukosea. Mzunguko huo unaweza kukamilika ndani ya dakika moja. Ndiyo maana vipimo ni vizuri na dalili ni za kweli kwa wakati mmoja, jambo ambalo daktari wa vitamini hakulieleza.

Lakini Donald Klein, daktari wa akili wa Marekani, alikuja mwaka 1993 na hoja tofauti. Kwake ubongo una kengele ya kuonya kwamba mtu anakosa hewa, na kwa baadhi ya watu kengele hiyo ni nyepesi kupita kiasi, hulia hata pale hewa ya ukaa inapoongezeka kidogo tu. Wafuasi wake hupenda kutaja mashambulio ya usiku, kwa sababu aliyelala hatafsiri chochote. Inajulikana pia kwamba mengi ya mashambulio hayo hutokea mtu anapozama kuelekea usingizi mzito, si katika sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, kwa hiyo si jinamizi.

#8 Mpenda Lugha

Mwanafunzi, mbona mnapingana wewe na muuguzi? Yeye amesema hewa ya ukaa inapungua, wewe unasema kengele inalia ikiongezeka. Ipi ni ipi?

#9 Mwanafunzi wa Chimwaga

Klein angekujibu kwamba kengele hulia kwanza, kisha mtu hupumua kwa pupa na ndipo hewa hiyo inaposhuka. Clark angekujibu kwamba kengele haina haja ya kuwepo. Mhadhiri wetu alituachia hapo, nami nawaachia hapo.

#10 Msafiri wa Reli

Mimi ni mwanamke, mfanyabiashara wa nguo, na ninachotaka kuongeza ni kwamba jambo hili halichagui daladala. Nilipanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, safari yangu ya tatu, nimekaa vizuri, kiyoyozi kinafanya kazi, mtoto wa jirani yangu anakula biskuti. Tulipoanza kuingia kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, dirisha likawa jeusi nami nikaiona sura yangu kwenye kioo. Sijui kwa nini sura ile ilinishtua. Nikajihisi kama niko nje ya mwili wangu, namtazama mwanamke mwingine aliyevaa mtandio wangu. Jasho likanitoka viganjani, tumbo likavurugika, nikasimama ili nishuke. Mtu anashukaje kwenye treni iliyo ndani ya mlima? Kilichoniogopesha kuliko yote ni kule kujua kwamba siwezi kutoka.

Handaki lilipita kwa muda mfupi sana, mimi nikabaki natetemeka hadi karibu na Gulwe. Jirani yangu, mzee mmoja, hakuniuliza kitu wala hakuniambia nitulie. Alinipa tiketi yake akaniomba nimsomee maandishi yote yaliyoandikwa humo, eti miwani ameisahau. Nilisoma neno kwa neno. Tulipofika Dodoma nilimwona anatoa miwani mfukoni.

#11 Muuguzi Mstaafu

Huyo mzee #10 angefaa kuajiriwa. Maneno "tulia, tulia" huwa hayamtulizi mtu yeyote, na kumzunguka mgonjwa watu kumi mkimpepea kwa kanga kunamthibitishia kwamba anakufa. Mtu mmoja akae naye, azungumze polepole, ampe kazi ndogo ya macho au mikono.

Dada #6 hakukosea alichokiona. Naamini binti alitulia. Mimi nasema tu kwamba anayesomewa kwa sauti ya taratibu, akiwa amekaa na mama yake pembeni, hupumua taratibu pia.

#12 Mama wa Chang'ombe

Na mimi nasema kwamba hiyo ni namna yako ya kueleza kilichomtoa jini. Tusigombane, dada.

#13 Mzee wa Kondoa

Vijana, nimesoma yote na nina jambo la kuwapunguzia kasi. Mdogo wangu alikuwa na miaka 52, akahisi kifua kinabanwa wakati anapakia magunia ya alizeti. Kijijini wakasema ni wasiwasi wa madeni kwa kuwa kila mtu alijua anadaiwa. Alipumzika, akanywa chai, akalala. Tulimzika kesho yake. Kwa hiyo ninaposoma watu wakiambiana kwamba kifua kubana ni hofu, mwili wangu unasisimka. Mleta mada amepimwa. Wengine wanaosoma hapa hawajapimwa.

#14 Muuguzi Mstaafu

Shikamoo mzee, na pole kwa msiba huo. Ulichosema ndicho nilipaswa kuanza nacho. Shambulio la kwanza linapaswa kupimwa kama ugonjwa wa moyo hadi ithibitike vinginevyo, hasa kwa aliyevuka miaka 40, mwenye presha, kisukari, au anayevuta sigara. Maumivu ya moyo mara nyingi ni kama uzito au kubanwa na koleo, huja mtu anapofanya kazi ya nguvu, husambaa kwenye mkono, taya au mgongo, na hayashuki baada ya dakika 15. Ya hofu mara nyingi huchoma kama sindano sehemu moja na huja hata mtu akiwa amekaa. Nimesema mara nyingi, sikusema siku zote. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali. Vilevile ganzi ya hofu mara nyingi huwa ya pande zote mbili. Ikiwa ni upande mmoja, mdomo umepinda au maneno hayatoki sawasawa, hicho ni kiharusi na msipoteze muda wa kuhesabu pumzi.

#15 Fundi wa Nkuhungu

Mimi nilifundishwa dawa rahisi: chukua mfuko wa karatasi wa khaki, pumulia humo, ile hewa ya ukaa aliyoitaja muuguzi inarudi mwilini na vidole vinanyooka.

#16 Muuguzi Mstaafu

Hata sisi tulifundishwa hivyo zamani, na siku hizi haishauriwi. Kama tatizo ni pumu au moyo, mfuko unampunguzia oksijeni mtu ambaye tayari anaihitaji. Hakuna kinachofanywa na mfuko ambacho hakifanywi na pumzi ya polepole. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo liinuke na kifua kitulie, kisha itoe ukihesabu hadi sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wengi hukosea wakaambiana "vuta pumzi ndefu", na hapo ndipo wanapozidi kuumia, kwa sababu hewa wameshaivuta kupita kiasi.

#17 Mwalimu wa Mpwapwa

Naomba kupendekeza maelezo mengine ambayo hayajaguswa. Mleta mada ametoka usawa wa bahari akaja kwenye mwinuko. Je, si hewa nyepesi ya huku?

#18 Mwanafunzi wa Chimwaga

Mwalimu, Dodoma iko kwenye kimo cha takribani mita 1,100. Mwinuko huo hauwezi kumsumbua mtu mzima mwenye afya. Magonjwa ya mwinuko huanza kuonekana karibu na mita 2,500. Angekuwa anapanda Kilimanjaro ningekubaliana nawe.

#19 Mwalimu wa Mpwapwa

Basi niliachie hilo, ila silitupi lote. Kuhama ni jambo zito. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini wengi wenu mmehama kuanzia 2016, mmepanga vyumba, familia ziko Dar es Salaam, mnakula mihogo peke yenu mbele ya simu. Mtoto wa bweni anaweza kuonekana mchangamfu mwezi mzima, kisha siku moja akaanguka mstarini bila kisa. Nimewaona wanafunzi wa namna hiyo, na mara nyingine akianguka mmoja wanaanguka kumi. Mnakumbuka ile ya Kashasha, mkoani Kagera, ambako wanafunzi walicheka hadi shule ikafungwa?

#20 Mpenda Lugha

Ile ilianza Januari 1962, na kati ya wanafunzi 159 walioguswa walikuwa 95. Lakini ni jambo jingine, mwalimu: kule dalili zilihama kutoka kwa mtu hadi mtu. Mleta mada alikuwa na abiria zaidi ya ishirini na hakuna aliyekunja kidole. Turudi kwake.

#21 Binti wa Kisasa

Nimekaa kimya muda mrefu, lakini #1 amenikumbusha jambo. Mimi niliambiwa nina mashambulio ya hofu na nikaamini kwa mwaka mzima. Moyo ulikwenda mbio, nilitetemeka, nilitoka jasho hata Julai ambapo Dodoma yote inavaa sweta. Nilifanya mazoezi yote ya pumzi. Aliyegundua ukweli ni fundi cherehani wangu, aliyelalamika kwamba kila nikija kupima gauni kiuno kimepungua wakati ananiona nakula, kisha akaniuliza kama nina rovu kwa sababu shingo imejaa. Nilipopimwa homoni za tezi ya shingo zilikuwa juu sana. Nikapewa dawa, na "hofu" yangu yote ikaondoka na tezi. Mleta mada hakutaja kipimo hicho.

#22 Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)

Asanteni wote. Dada #21, sijapimwa tezi na sijapungua uzito, kusema kweli suruali zinabana, lakini nitapima. Muuguzi, umenishika pabaya kwenye bodaboda. Nimegundua pia kwamba siku hizi sikai katikati ya kanisa. Nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na nimekuwa nikijiambia kwamba napenda upepo.

#23 Mwanafunzi wa Chimwaga

Kaka, hiyo ndiyo sehemu ambayo hoja zote mbili zinakubaliana. Unapokwepa daladala, mwili haupati nafasi ya kujifunza kwamba lile wimbi hupanda na kushuka lenyewe. Unafika nyumbani salama, na ubongo unaipa sifa bodaboda.

Nami nina langu. Nilipokuwa mwaka wa pili, kipindi cha mitihani, nilikuwa nakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu makopo matatu kwa usiku ili nikeshe. Shambulio la kwanza lilinikuta ndani ya chumba cha mtihani. Kuacha makopo kulisaidia sana, kwa sababu kafeini huleta karibu kila dalili iliyotajwa hapa. Lakini mashambulio hayakuisha yote. Mshauri wangu alinifanyisha jambo ambalo mwanzoni niliona ni dhihaka: alinipandisha ngazi za ghorofa nne mbio, akanikalisha na kuniambia niuhisi moyo bila kuufanyia chochote. Siku nyingine alinizungusha kwenye kiti hadi kizunguzungu. Siku nyingine nilipumua kwa kutumia mrija. Tulikuwa tunazileta dalili kwa makusudi ili zipoteze kitisho. Wiki ya kwanza nililia. Ya nne nilikuwa napiga miayo kwenye kiti kile. Usianze peke yako kabla moyo na pumu havijathibitishwa kuwa salama.

#24 Fundi wa Nkuhungu

Je, dawa? Mimi duka la dawa waliniuzia propranololi, moyo ukatulia kweli.

#25 Muuguzi Mstaafu

Fundi, wewe leo una lako jambo na mimi. Propranololi hupunguza mapigo na mtetemo, lakini kwa mwenye pumu inaweza kuziba pumzi kabisa, na haipaswi kuuzwa kama peremende. Diazepamu nayo hutuliza upesi, ila mwili huizoea ndani ya wiki chache na kuiacha ghafla ni balaa. Dawa zinazotumika kwa muda mrefu ni zile za kundi la dawa za sonona, huanzishwa kwa dozi ndogo, na hazifanyi kazi siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza wasiwasi. Huandikwa na daktari na hufuatiliwa.

Kijogoo, shemeji yako wa Jumatatu anakunywa mwisho wa wiki?

#26 Kijogoo cha Makole

Muuguzi umeniumbua mbele za watu. Anakunywa mvinyo wa hapa nyumbani kuanzia Ijumaa, na anasema zabibu ni tunda.

#27 Muuguzi Mstaafu

Pombe hutuliza neva inapoingia, na inapotoka neva hurudi kwa kishindo: moyo mbio, jasho, mtetemo, usingizi wa vipande vipande. Aanze hapo. Na kama ni mnywaji wa kila siku asiache kwa ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu anaweza kupata degedege.

#28 Mgogo wa Kikuyu

Tatizo ni mlango wa kuingilia. Hapa Dodoma ukisema unakwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, habari inafika kwenu kabla hujapata kadi. Hospitali ile ipo tangu mwaka 1927 na sasa ni ya taifa, lakini watoto bado wanataniana "utapelekwa Mirembe". Nilipopatwa na hali hii nilikaa miezi minane nikitibu vidonda vya tumbo ambavyo sina, kwa sababu vidonda vya tumbo vina heshima. Mwishowe nilikwenda. Nilivaa kofia. Katika foleni nilimkuta jirani yangu, naye amevaa kofia.

#29 Mzee wa Kondoa

Nimecheka mwenyewe hapa dukani. Mlisalimiana?

#30 Mgogo wa Kikuyu

Tulizungumza habari za mvua, mzee.

#31 Mwalimu wa Mpwapwa

Swali moja kwa wataalamu. Wengi huogopa kuzimia hadharani. Mwanafunzi wangu mmoja hakanyagi sokoni kwa sababu hiyo. Je, shambulio la hofu huangusha mtu?

#32 Muuguzi Mstaafu

Kuzimia hutokea presha inaposhuka. Katika shambulio la hofu presha hupanda, kwa hiyo mtu huhisi anaanguka lakini ni nadra kuanguka kweli. Wanaoweza kuanguka ni wale wanaoogopa damu na sindano, kwa kuwa presha yao hupanda kisha hushuka ghafla. Nimewaokota wengi, na wengi wao walikuwa wanaume wenye vifua vipana.

#33 Msafiri wa Reli

Mleta mada, na lile la usiku? Unakoroma? Mume wangu alikuwa anashtuka usiku akitweta, tukadhani ni hofu, kumbe pumzi yake inakatika usingizini.

#34 Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)

Nani ataniambia kama nakoroma? Shahidi yuko Dar es Salaam. Nitamwuliza akija likizo, ingawa zamani hakuwahi kulalamika.

#35 Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)

Samahanini kwa kukaa kimya wiki mbili. Nimetoa damu ya kipimo cha tezi, majibu bado. Nimeanza pia kumwona mwanasaikolojia kila Alhamisi, na kazi ya kwanza aliyonipa ni ndogo hadi nikaona haya: kusimama kituoni Mtumba dakika 20 nikitazama daladala zinajaa, bila kupanda. Siku ya tano nilipanda na kushuka kituo cha kwanza. Jana alinitaka niende hadi mwisho.

Nilikaa kiti kile kile cha dirishani. Kabla ya Ihumwa ilianza, kwanza midomo, halafu moyo. Nilianza kuhesabu mibuyu, nikakuta ipo miwili tu karibu na barabara, nikahamia kwenye mabati ya nyumba, nikitoa pumzi kwa kuhesabu hadi sita. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Shati lililowa mgongoni na mkono wa kushoto ulianza kujikunja, nikaubana chini ya paja. Nilitazama saa ya simu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika 12 ilipoanza, na ilipofika na dakika 23 nikagundua kwamba kwa muda fulani nimekuwa nikisikiliza abiria wawili wakibishana bei ya vitunguu.

Konda alikuwa yule yule. Tulipofika Nanenane alinitazama kwa makini, akapiga bodi mara moja akauliza, "Bosi, leo hushuki njiani?" Nikamwambia nashuka Sabasaba.

#36 Kijogoo cha Makole

Hongera mkuu. Na sarafu zako za siku ile ulimdai?

#37 Mama wa Chang'ombe

Tunamshukuru Mungu. Kanisani nako rudi ukae katikati.

#38 Muuguzi Mstaafu

Majibu ya tezi usisahau kuyaleta hapa.